Mfungo Sita, Lamu kwa Habib

Mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ukiandama tu nikajiandaa kwenda Lamu kuzuru kaburi la Habib Swaleh, kakangu huniuliza: "Na mwaka huu waenda kuabudu kaburi?" Husema kwa mzaha, lakini mzaha wenyewe una mwiba ndani. Yeye ni mtu wa darsa, ndevu zimeshuka, suruali imepanda, na ukimtafuta alfajiri utamkuta safu ya mbele. Mimi ni fundi friji hapa Mombasa. Jioni nasomesha watoto chuoni, yaani madrasa, na zikifika siku za Maulidi napiga twari, ngoma ya mkono. Tumetoka tumbo moja. Marehemu mama alikuwa akitukataza kugombana mbele ya chakula, basi tulingoja sinia iondolewe ndipo tuanze.

Mjadala wa simu hauna faida, kila mtu humkata mwenzake ulimi. Hapa naandika yote kwa mpango wangu, na yeye najua atasoma.

Kwanza mwenyewe anayezuriwa. Habib Swaleh, yaani Sayyid Saleh bin Alawi Jamalilleil, alizaliwa Ngazidja, kisiwa cha Komoro, katikati ya karne ya 19, akaja Lamu angali kijana, na huko ndiko alikofariki katikati ya miaka ya 1930. Jamalilleil ni ukoo wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut, Yemen, na pwani yetu umeingia kila pahali: Pate, Ngazidja, Unguja. Njia yao ya kisufi, yaani tarika yao, ni Alawiyya. Ukizoea kusikia habari za tarika ukadhani ni watu kuzunguka mpaka wakazimia, Alawiyya itakuchosha haraka. Kazi yao kubwa ni kusoma, adabu, vitabu vya Imam Ghazali, na uradi, yaani dhikri na dua, wa kila siku. Ratibu, yaani mpangilio wa nyuradi, ya Imam Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720, watoto wa pwani tumeihifadhi kwa kusikia tu, tukiwa tumekaa mapajani mwa babu zetu, hata maana hatuijui.

Sasa, Lamu aliyoikuta Habib ilikuwa mji wa daraja. Juu wangwana wa majumba ya mawe ya Mkomani, wenye nasaba zao na mashamba yao ng'ambo. Chini yao kuna wageni: Wahadhrami walioshuka jahazini hawana kitu, Wabajuni, Wangazidja. Chini kabisa kuna watumwa, na waliokuwa watumwa. Pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907, nao Habib alikuwa ameshaanza kazi yake zamani. Ilimu ya dini wakati ule ilikaa ndani ya nyumba za watu maalumu kama ufunguo wa kasha. Mtumwa alifundishwa kutawadha na kuswali, hayo yakatosha. Kukaa chini na kitabu, akauliza, akajibiwa, hilo lilikuwa jambo jengine.

Habib alitoka mjini akaenda kukaa Langoni, pembezoni kwenye mchanga, akajenga kijumba cha udongo. Akafungua mlango. Aliyekuja kusoma alisomeshwa, aliyekuja mgonjwa alisomewa na kupewa dawa, aliyekuja na njaa alikula kilichokuwepo. Wakubwa wa mji hawakupendezwa. Sharifu, kizazi cha Mtume, anakaa mkeka mmoja na vitwana, anawafundisha watoto wao, anawaacha wapige ngoma zao wakimsifu Mtume! Karne ya 19 ikielekea ukingoni mahali pale palikuwa chuo, kisha ukasimama msikiti, nao ndio Riyadha tunaouendea. Jina hilo linafuata Riyadha ya Seiyun, Hadhramaut, kwa Habib Ali bin Muhammad al-Habshi. Huyo nitamrudia, kwa sababu bila yeye mimi nisingekuwa na twari mkononi.

Hapa niseme la nyumbani kwetu, maana kaka yangu hulikwepa. Babu wa mama yetu hakuwa na nasaba ya kutaja. Alilima shamba la mtu ng'ambo ya kisiwa, na alipopata nafasi alivuka kwenda Langoni kusoma. Alitoka pale anajua Kurani, na anajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Juzuu yake moja bado iko kwetu, kurasa zimekuwa rangi ya chai. Nyuma ya jalada aliandika watoto wake walivyozaliwa, kila mmoja na mwezi wake: huyu Mfungo Nne, huyu Rajabu, huyu mwezi wa Ramadhani usiku wa mvua. Mwandiko wake si mzuri. Kalamu imekwama pahali, wino umevuja, na jina la bibi yetu limekatwa likaandikwa upya juu. Kakangu ndiye aliyenisomea maandishi yale mara ya kwanza, kwa sababu Kiarabu chake ni kizuri kuliko changu. Alisoma vizuri sana, kisha akanyamaza, kisha akasema tusivuke mpaka katika kuwatukuza watu. Sawa. Lakini ukiniuliza mimi baraka ya Habib Swaleh iko wapi, nitakutolea juzuu ile kabla sijakupeleka makaburini.

Turudi kwa matwari. Kabla ya Habib, maulidi, yaani kisomo cha kumsifu Mtume, iliyotawala pwani ilikuwa Barzanji, ya Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina, mtu wa karne ya 18. Bado inasomwa, na Lamu ndiyo iliyotoa tafsiri yake ya kishairi kwa Kiswahili, kazi ya Sayyid Mansab. Habib Swaleh akaleta nyengine, Simtu Durari, iliyotungwa na yule Habib Ali al-Habshi wa Seiyun aliyefariki mwaka 1915. Ikasomwa kwa matwari, ngoma na nai (filimbi), tena msikitini. Ugomvi uliozuka hapo haujesha mpaka leo. Kuna waliosema ngoma haiingii nyumba ya Mungu. Kuna waliosema, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba ngoma ni mambo ya watumwa. Mimi huyatenganisha maneno haya mawili. La kwanza ni hoja ya fikihi, sheria za dini, na lina wenyewe wa kulijadili. La pili ni kiburi, na wengi walilivika kanzu ya lile la kwanza.

Watu huuliza twari ni kitu gani hasa. Ni duara la mti lenye ngozi ya mbuzi upande mmoja, basi. Kazi ni kuiweka sawa. Hewa ya Lamu ina unyevu wa bahari, na ngozi ikinywa unyevu hulegea, sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Kwa hiyo kabla ya kuanza, na tena katikati ya usiku, utaona vijana wamechutama nje kando ya msikiti, wamewasha makuti, wanaziotesha twari moto. Unaishika kwa ukingo, unaizungusha juu ya mwako, haikai pahali pamoja. Unaipiga kwa kidole, unasikiliza, unairudisha. Mwenye haraka huunguza. Mzee mmoja wa Lamu aliyenifundisha hakuwa akiangalia moto kabisa, alikuwa akizungumza na watu huku mkono unazunguka, na ghafla anasema "hini tayari", anampa mtoto, anachukua ya pili. Nimejaribu kuwaonyesha vijana wetu hapa Mombasa, nikaambiwa kuna twari za plastiki siku hizi hazihitaji moto. Zipo. Nimezipiga. Sitaki kuzizungumzia.

Usiku mkubwa wenyewe msikiti hujaa mpaka uwanja wa nje, mikeka imeungana, kofia nyeupe mpaka jicho linapokoma. Inaanza kwa utulivu, Ya Rabbi salli ala Muhammad, matwari yanaingia taratibu, msomaji anasoma fungu la nathari, kisha kasida, kisha fungu jengine. Watu wazima wanayumba pamoja bila kuambizana. Inapofika pale panapotajwa kuzaliwa kwa Mtume, umma wote unasimama, ndio kiamu. Chetezo kinapita na moshi wa udi, mrashi unapita, marashi yanakuingia shingoni, na Ashraqal kaunu inapandishwa kwa pumzi moja. Kina mama wako upande wao na kwenye nyumba za jirani, nao wanajua beti zote, tena mara nyingi kuliko wanaume. Hapo mimi huwa nimekwisha kupoteza hesabu ya mikono yangu, inapiga yenyewe.

Mwingine atakuja aniambie kusimama kule ni kumfanya Mtume yuko pale. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nimefundishwa kuwa ni heshima kwa tukio lenyewe, na asiyetaka kusimama hatolewi na mtu.

Basi tufike kaburini, kwa sababu ndipo palipo ugomvi. Ziara hufanywa Ijumaa ya mwisho. Watu hutoka kwa zefe, yaani maandamano: wanafunzi wa Riyadha na kanzu zao, bendera, matwari, vyuo vya Mombasa, Malindi, Tanga, Unguja, Ngazidja, kila chuo na kasida yake, zinagongana hewani. Vichochoro vya Lamu ni vya punda wawili kupishana kwa taabu, sasa fikiria maelfu ya watu. Madirishani wamama, vigelegele. Nisiyeupenda umati, hapa huuvumilia.

Anayetarajia kuba la marumaru kama la Khwaja Moinuddin kule Ajmer, India, au minara ya Touba, Senegali, atashangaa. Lamu haina fahari hiyo. Kinachofanyika pale kaburini ni hiki: unawasalimu waliolala, unasoma Fatiha, Yasin inasomwa, tahlili, kisha mmoja katika wakubwa anaomba dua na watu wanaitikia amina. Dua inamtaka Mungu, kwa jina lake, mvua, afya, ilimu, mwisho mwema, amani ya mji. Nimesimama pale nikiangalia makusudi, kwa ajili ya kakangu, kama kuna anayesujudia kaburi. Sijamuona. Nimewaona wanaoligusa kisha wakajipangusa uso, na nimeona wakubwa wakiwaambia polepole waache. Mwenye kuzuru hivyo haniudhi. Kinachoniudhi ni yule mwenye kuuza "maji ya Habib" kwenye chupa, na yule anayewaambia watu maskini kuwa ziara kadhaa za Lamu zinasimama badala ya Hija. Maneno hayo yapo, yanazunguka, na hayana msingi. Hija ni nguzo, na Riyadha wenyewe wanasomesha hivyo darasani.

Hoja za kakangu si za kipuuzi, nisimdhulumu. Hadithi ya kutofunga safari ila kwa misikiti mitatu, Makka, Madina na Baitul Makdisi, ni sahihi. Mimi nina yangu iliyo sahihi vilevile: nilikuwa nimewakataza kuzuru makaburi, sasa yazuruni. Yeye hunijibu kuzuru makaburi ya mtaani kwako si sawa na kupanda basi usiku kucha. Namjibu wanavyuoni wa Kishafi tangu zamani wamesema ile ya misikiti mitatu inahusu fadhila ya kuswali, si kila safari, la sivyo hata kwenda kumuona shangazi Malindi kungekatazwa. Tunaingia kwenye tawasuli, yaani kumuomba Mungu kwa kupitia mtu mwema. Namtajia Sayyidna Umar alivyomuomba Mungu mvua kwa kupitia kwa Abbas, ami yake Mtume. Ananiambia Abbas alikuwa hai. Hapo ndipo huwa tunakwama, na si sisi tu, umma umekwama hapo kwa karne nyingi.

Tena asidhani mtu kuwa mjadala huu uliletwa juzi na televisheni za Uarabuni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mtu wetu wa Mombasa, alikuwa akikemea bida, yaani uzushi katika dini, kwenye magazeti yake mapema miaka ya 1930, Habib Swaleh yu hai. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya baadaye na mfasiri wa Kurani, alishika njia hiyo hiyo, na hata hivyo aliandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa pwani kwa heshima iliyowastahili. Kizazi kile kiligombana kwa vitabu. Sisi tunagombana kwa sauti za kurekodi, dakika mbili mbili, na nusu yake ni matusi.

Upande mwengine kuna mashindano. Mbio za punda, mashindano ya jahazi, kuogelea, bao, hina, ngoma za fimbo uwanjani mbele ya ngome. Makumbusho ya Taifa yameingia kusaidia, watalii wanapiga picha, na redio husema "tamasha la Maulidi" kana kwamba punda ndiye aliyezaliwa. Mimi napenda mbio za punda, siwezi kukana. Kijana anakimbiza punda pwani bila tandiko, mji mzima unapiga kelele. Lakini nimeanza kukutana na watu waliokwenda Lamu siku zile wakarudi bila kujua Riyadha iko upande gani.

Na chuo chenyewe kiko wazi mwaka mzima, jambo ambalo watu wa msimu hulisahau. Wanafunzi wanatoka Tanzania, Uganda, Kongo, wanakaa, wanakula, wanasoma fikihi na nahau, wanarudi kwao kufungua vyuo. Ukipita siku ya kawaida baada ya Laasiri utamkuta mwalimu na watoto wachache barazani, hakuna twari wala bendera, na mbuzi wamelala kivulini. Miswada ya Riyadha pia, ile iliyoandikwa kwa mkono, imepigwa picha za kidijitali kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini, na mtu yeyote anaweza kuifungua kwenye intaneti. Nilimtumia kakangu kiungo. Hakunijibu siku kadhaa. Kisha akanitumia picha ya ukurasa mmoja, amezungushia neno kwenye hashia, pambizoni, akasema mnakili amekosea irabu. Tukazungumza irabu ile mpaka salio likaisha.

Ameniuliza kama chumba anachosomeshea mwalimu wa nahau kina nafasi kwa mtu mzima. Nimemwambia nitauliza. Makaburini hatakwenda, ameshasema, na sitamburura.

Kwa wanaotaka kuja Mfungo Sita ujao: Maulidi ya Lamu huwekwa mwishoni mwa mwezi makusudi, ili kila mji usome yake kwanza. Mwezi ni wa kuandama, kwa hiyo msikate tiketi kwa kuangalia kalenda ya ukutani, ulizeni. Basi la Mombasa linapita Malindi, Garsen, Witu, linaishia Mokowe, na hapo mnavuka kwa boti. Mkubaliane bei kabla ya kupanda, kwa sababu wiki ile kuna manahodha wanaona kila kanzu ni pochi. Vyumba hujaa mapema. Mwenye kuja na chuo chake atalazwa mkekani majumbani mwa watu na atakula vizuri, lakini achukue shuka na dawa ya mbu. Vitambulisho msisahau, barabara ile ina vizuizi vya polisi. Na mwenye twari ya ngozi aifunge kwenye kitambaa, asiiweke chini kwenye boti pamoja na mizigo, maji ya chumvi yakiipata haitaamka hata kwa moto.